Sauti Kutoka Kati ya Majora ya Vitenge

Jumamosi baada ya adhuhuri niliweka funguo za chumba cha sauti juu ya meza ya Abbas, mwenye duka, nikamwambia sitaki sherehe. Keki ikaletwa hata hivyo, nami nikala vipande viwili, kwa hiyo msinisadiki sana nikisema sipendi mambo makubwa. Ninyi mabinti wawili mnaobaki pale nyuma ya duka mliniuliza nitawaachia nini. Nawaachia haya. Kama mtaona mahali nimejisifu, basi jueni nimejisifu kweli. Kazi ile nimeifanya tangu nikiwa msichana, na kujisifu kidogo nimekungoja muda mrefu.

Nilipata kazi kwa sababu ya aibu za wanawake. Zama zile waume na wana wa watu walikuwa Muscat, Dubai na Dar es Salaam, simu ni ile moja ya posta ambayo foleni nzima inakusikiliza, na kuandika barua wengi hawakujua. Mama Shirin, mama yake Abbas, alikuwa na redio ya kurekodi kaseti nyuma ya duka lao la vitambaa hapa Kilindoni, Mafia. Watu walikuja kuzisema barua zao ndani ya kaseti, kaseti ikafungwa kwenye kipande cha kanga, akapewa msafiri. Lakini mashine ilikuwa mikononi mwa mpwa wake, mwanamume. Basi wanawake wakifika wanasema wote wazima, mvua imenyesha, kwaheri. Nani atamwambia mumewe ya moyoni huku mwanamume wa watu ameketi pembeni anatafuna karanga? Mama Shirin akamrudisha mpwa wake kwenye kupima vitambaa, akaniita mimi, binti wa Miburani niliyemaliza darasa la saba, kwa kuwa alisikia kwamba najua kunyamaza.

Siku yangu ya kwanza aliniachia mashine, akaniambia kitufe hiki unarekodi, hiki unasimamisha, na hiki cha kuzungusha ni cha sauti. Mshale usilale na usigonge mwisho. Nikaona ni kazi nyepesi. Akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Kanga, amebeba tumbo ambalo bado halionekani, jambo ambalo mimi sikulijua. Akaanza salamu. Salamu zetu mnazijua. Alimsalimia mumewe kama anayemwita ng'ambo ya shamba, akasalimia jamaa wote alio nao huko Muscat, mmoja mmoja na jina lake, na mshale ukawa unagonga mwisho. Nikapunguza sauti. Nikapunguza tena, mpaka mshale ukatulia vizuri. Nikajiona fundi. Kisha yule mama akainamisha kichwa, akasema lililomleta, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Mimi nikawa namtazama yeye, simtazami mshale.

Majibu ya Muscat yalikuja kwa kaseti vilevile, baada ya miezi. Mama wa Kanga aliileta dukani tuisikilize pamoja. Mumewe akarudisha salamu zote, kisha akasema: "Mke wangu, salamu nimezipata. Habari sikusikia hata moja. Ulikuwa unasema nini?" Habari yenyewe ilikuwa mimba. Na mtoto alikuwapo pale dukani, ameshatoka arobaini, ananyonya.

Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikwenda kulia stoo. Mama Shirin alinifuata, hakunibembeleza, maana hakuwa na tabia hiyo. Aliniambia, "Wewe binti, salamu ni za watu wote, kila mtu anazisema kwa nguvu. Usipime kwa salamu. Pima kwa lile neno ambalo hataki ulisikie." Tangu hapo nikawa nawaambia wateja, kabla sijarekodi, wanijaribishie kusema neno la mwisho watakalosema. Wengine walianza kulia hapohapo, kaseti haijazunguka. Nikajua mshale uwe wapi.

Sitawachosha na kila mwaka. Nimesafisha vichwa vya redio kwa pamba na spiriti mpaka vidole vikakauka. Nimerudisha utepe ndani ya kaseti kwa penseli mara nyingi kuliko nilivyoshona nguo zangu. Nimerekodi kaswida za madrasa, wosia wa mzee aliyebadilisha maneno kila Ijumaa, na matangazo ya gari la spika. Simu za mkononi zilipofika, barua za kaseti zikafa, nami nikadhani nimekwisha. Nikawekwa kwenye kutoa fotokopi. Siri za watu wa nusu ya kisiwa hiki ninazo kichwani na hakuna hata moja mtakayoipata humu, kwa hiyo msigeuze kurasa kwa haraka.

Mama Shirin alifariki, Abbas akarithi duka. Ni mtu mwema, nimemlea mimi huku nikibonyeza vitufe, lakini anapenda vitu vinavyong'aa. Alivunja chumba changu cha zamani, kilichokuwa kimejaa vitambaa, akajenga kipya: marumaru chini, marumaru ukutani, dari ya jipsamu, dirisha la kioo. Juu ya meza akaweka kompyuta ndogo ya kukunja, na mbele yake maiki ya USB imesimama kwenye kistuli chake. Akasema sasa tutarekodi wale wanaotaka kutuma sauti Dar, masomo, matangazo, chochote.

"Bi Mwana, hii unachomeka tu, unaanza," akaniambia. "Hata mtoto anaweza."

"Basi mlete huyo mtoto," nikamjibu.

Nikachomeka. Kompyuta ikatoa mlio, taa ya maiki ikawaka, mistari ikachezacheza kwenye kioo cha kompyuta. Nikaona ni mshale uleule kwa sura nyingine. Nikajiona fundi kwa mara ya pili katika maisha yangu, na hapo ndipo Zuhura aliponiingia mikononi.

Zuhura ni wa Kiegeani, mmemwona. Alikuwa mwalimu wa kujitolea wa darasa la kwanza. Mama yake, Bi Tatu, alilima mwani mpaka siku kiharusi kilipomkamata, kikampoozesha upande wa kushoto. Zuhura ndiye anayemwosha na kumlisha. Kaka yake mkubwa, Salum, yuko Dar, na si mtu mbaya, lakini alishasema: mwezi ukiisha Zuhura hajapata kazi ya kueleweka, mama atachukuliwa akakae kwake, ghorofa ya tatu, na Zuhura atafute kazi hukohuko. Bi Tatu hakutaka. Alikuwa akisema ghorofa ya tatu kwa mtu asiyetembea ni kaburi lenye ngazi.

Sasa kulikuwa na watu Dar wanaotengeneza masomo ya kusikiliza kwa ajili ya watoto wadogo. Walitafuta mwanamke wa kusoma hadithi, akae popote anapokaa, ili mradi sauti inayowafikia iwe safi. Zuhura akaja kwangu kurekodi sampuli. Alisoma vizuri mno, mimi mwenyewe nilisahau kutazama kioo. Tukatuma, nikamwambia kalale, kazi umepata.

Jumatano akaja na simu mkononi. Hakukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamesemaje?"

Akanipa simu nisome. Waliandika kwamba wameipenda sauti yake, lakini rekodi haitumiki: anasikika kama yuko ndani ya tangi la maji, na nyuma kuna mvumo. Atume nyingine kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Baada ya hapo wanachagua katika walizonazo.

"Labda sauti yangu ndiyo mbovu," Zuhura akasema.

"Sauti yako wameisifu. Kilichorudishwa ni kazi yangu," nikamwambia. Niliona haya, tena haya ya kweli. Kuna mwanamke amelala Kiegeani anangoja kujua kama atahamishwa kwake, na aliyekuwa akimharibia ni mimi, pamoja na taa yangu iliyowaka. Nikamwambia aje kesho asubuhi na mapema, amwache mama yake na jirani.

Alhamisi tulianza saa mbili. Nilifanya ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nikaigonga maiki kwa ukucha, macho kwenye kioo. Mstari haukutikisika. Nikagonga tena kwa nguvu. Kimya. Nikagonga kompyuta yenyewe, pembeni ya kioo, mstari ukaruka mpaka kwenye wekundu. Nikakaa chini.

"Kuna nini, mama?"

"Kompyuta haijawahi kuisikiliza hii maiki. Ina sikio lake yenyewe, dogo, hapa juu ya kioo, na ndilo linalosikiliza siku zote."

Liandikeni hili mahali mtakapoliona. Kuwaka kwa taa ya maiki ni habari ya umeme tu. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti, pale panapoorodheshwa maiki, mchague jina la ile mliyochomeka. Kisha ingieni na kwenye programu ya kurekodia, maana nayo ina chaguo lake, na inaweza kung'ang'ania sikio la zamani. Kisha gongeni kwa ukucha. Mkiona mstari unaruka, ndipo mmwite mteja.

Nikachagua, nikagonga, ikasikia. Zuhura akasoma mistari michache, nikavaa hedifoni. Afadhali, lakini sauti bado ilikuwa mbali, kama ya mtu aliyegeuka. Nikamtazama anavyosoma. Alikuwa ameiinamia maiki kwa juu, midomo inakaribia kugusa kichwa chake, vile tunavyofanya wote. Sisi kipaza sauti tumekijulia msikitini na harusini, na huko usipokimeza hakikusikii. Nikaizungusha ile maiki mkononi nikaiangalia. Upande mmoja, penye alama na kitufe cha kunyamazisha, ndipo wavu wake ulipokuwa umetazama. Hii haisikii kwa kichwa, inasikia kwa ubavu. Nikaisimamisha wima, ubavu wenye alama umtazame yeye, nikampima shubiri moja na vidole vinne kutoka mdomoni. Nikaisogeza kidogo pembeni ya mdomo, ili pumzi ya "pa" na "ba" ipite bila kuipiga, nikaivalisha na kofia ya sponji iliyokuwa imelala ndani ya boksi lake.

Akasoma tena. Sasa alikuwa karibu. Lakini tangi lilikuwa palepale.

Nikavua hedifoni, nikapiga kofi moja katikati ya chumba. Chumba kikanirudishia. Nikatazama marumaru za Abbas, zinang'aa, nimezisifu mwenyewe mbele za watu. Nikakumbuka chumba cha Mama Shirin, majora ya vitambaa mpaka darini, na miaka yote ile watu wakisema mikono yangu ina baraka ya sauti. Kumbe nusu ya baraka ilikuwa vitenge! Nilicheka peke yangu, Zuhura akaniangalia kwa wasiwasi.

"Beba kompyuta," nikamwambia. "Tunahamia stoo."

Abbas alitukuta tunavuta meza ndogo kati ya majora. "Bi Mwana, chumba kizuri kile nimejenga."

"Kizuri kwa kuogea," nikamwambia. Hakukasirika. Alinisaidia kusimamisha majora manne nyuma ya Zuhura, mawili kila upande, na tukatundika blanketi mlangoni. Chini ya maiki nikakunja kanga mara nne, ili meza ikiguswa isipige ngoma ndani ya rekodi. Waya wa maiki nikauchomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, nikakiacha kile kigawio cha tundu za USB ambacho kilikuwa kikikatakata sauti. Nikapiga kofi. Kofi likafa hapohapo nilipolipiga. Sijawahi kufurahia kitu kufa namna ile.

Ilikuwa saa tano na nusu. Akaanza kujaribisha. Hadithi yake ilianza kwa salamu ya mwalimu: "Hamjambo watoto!" Na Zuhura, mwalimu wa darasa lenye watoto wengi, alisalimia ili wa nyuma wasikie. Mstari ukagonga wekundu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kinundu cha maiki cha kuzungushia sauti, kupunguza, na ulikuwa umeshafika pale nilipohisi kama Mama Shirin yuko nyuma yangu na futi yake ya kupimia vitambaa.

Nikauondoa mkono. Nikamuuliza Zuhura, "Katika hadithi hii, maneno unayoyasema kwa sauti ya chini kuliko yote ni yapi?"

Akafikiri. "Pale mtoto anapomuuliza mama yake kama atarudi."

"Soma hapo kwanza."

Akasoma hapo. Alisoma kwa sauti ndogo, na mimi nikajua kilichokuwa kinasomwa si hadithi peke yake. Nikapandisha kinundu mpaka mstari ukafika katikati ya kijani na kila herufi nikaipata masikioni. Halafu nikamwambia arudi mwanzo, na salamu aitoe akiwa amegeuza uso kidogo na kuegemea nyuma, kama anayewasalimia watoto wanne walioketi mkekani. Salamu ikaja nzuri, haikupasuka. Nikarudia kuisikiliza sampuli ya kwanza, ile iliyorudishwa, nikaona kosa lilelile la kaseti ya Kanga: nilipunguza sauti ya kompyuta kwa kupima salamu, hadithi ikazama, na ule mvumo waliousikia Dar ni feni na friji ya soda ya dukani vikijaza mahali sauti ilipopungua.

Feni tukazima. Friji ya soda Abbas akaichomoa. Tukangoja adhana ya adhuhuri, tukaswali, tukarudi. Ndipo umeme ukakatika. Abbas akashika kichwa, lakini mimi nilifurahi, maana kompyuta ilikuwa na chaji na mtaa mzima ulinyamaza. Ulinyamaza kwa muda wa kuvuta kiti. Kisha jenereta ya jirani yetu anayeuza barafu ikanguruma nyuma ya ukuta.

Abbas akatoka. Nilimsikia anaeleza pale nje, kwanza kwa upole, kisha akataja jina la Bi Tatu wa Kiegeani. Jenereta ikazimwa. Sauti ya jirani ikaja kupitia ukutani: "Nusu saa. Barafu zikiyeyuka mtakunywa nyie."

Nusu saa. Joto la stoo lile bila feni mnalijua. Zuhura alikuwa anatiririka, nikamfuta uso kwa ncha ya kanga yangu, nikampa maji mafundo mawili ili mdomo usikauke na kutoa milio. Nikamwonyesha kidole, akaanza. Alisoma mara moja, bila kukosea mahali. Alipofika kwa yule mtoto anayeuliza, mstari uliteremka lakini haukuzama, na mimi nilisikia mpaka pumzi aliyoivuta kabla ya jibu. Nilikuwa nalia na sikujali. Alipomaliza, nikabonyeza kusimamisha. Kisha Abbas, aliyekuwa amejibanza nje ya blanketi, akasema taratibu, "Naam."

Tulituma kwa simu ya Abbas, saa nane na robo. Jenereta ikawashwa.

Majibu hayakuja Ijumaa. Jumamosi pia kimya. Jumatatu asubuhi nilikuwa natoa fotokopi Zuhura alipoingia, simu iko mkononi na ameiwasha spika, akaniashiria ninyamaze, mimi ambaye ndiyo kazi yangu. Mwanamume wa Dar alikuwa anamuuliza alikwenda studio gani, maana katika sampuli zote hiyo ndiyo waliyoisikiliza mara mbili kwa kupenda.

"Sijatoka Mafia," Zuhura akasema. "Nilirekodi stoo, katikati ya vitenge."

Yule mwanamume akasema kama stoo hiyo ipo siku zote, basi na wao wako tayari. Masomo ya kwanza yatatumwa jioni ile, asome kutoka hapohapo. Zuhura alijibu kila kitu kwa adabu, akakata simu, akaniangukia shingoni mbele ya wateja. Mimi nilipiga vigelegele ndani ya duka la watu. Jirani wa barafu alikuja kuuliza nani anaolewa.

Tukapanda bajaji sisi wawili hadi Kiegeani. Bi Tatu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, uso umeelekea mlangoni. Tangu kiharusi maneno yake hutoka moja moja, na lazima umpe nafasi. Zuhura alipiga magoti, akamshika mkono ule unaofanya kazi.

"Mama, nimepata. Nitafanya hapa hapa. Hatuendi Dar."

Bi Tatu alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akarudi kwa binti yake. Alikuwa anakusanya maneno.

"Mpigie Salum," akasema. "Mwambie akitaka kuniona, boti ipo."